Mashapo ya Broken Hill

Kwa mji wa Zambia uliowahi kuitwa Broken Hill tazama Kabwe.

Mashapo ya Broken Hill ni mashapo makubwa ya risasi, zinki na fedha katika mji wa Broken Hill, magharibi ya mbali ya jimbo la New South Wales, Australia. Yamechimbwa tangu miaka ya 1880.

Jiolojia

Miamba ya eneo hilo ilianza kama mchanga na matope yaliyotuama chini ya maji takriban miaka bilioni 1.7 iliyopita. Wanajiolojia wengi huona kwamba metali zililetwa na maji ya moto yenye chumvi nyingi. Takriban miaka milioni 100 baadaye, joto na shinikizo kubwa viliikunja miamba hiyo na kuigeuza kuwa miamba metamofiki.

Madini makuu ni galena (sulfidi ya risasi) na sfaleriti (sulfidi ya zinki). Fedha nyingi huambatana na galena. Karibu na uso wa nchi, hewa na maji viliozesha sulfidi na kuacha kilima cheusi cha oksidi za chuma na manganisi. Sehemu ya fedha ilikusanyika chini yake kama kloridi ya fedha.

Ugunduzi

Eneo hilo ni nchi ya jadi ya watu wa Wilyakali. Mnamo Septemba 1883 Charles Rasp, Mjerumani aliyekagua nyua za shamba la kondoo la Mount Gipps, alidhani mwamba mweusi wa kilima una stani. Kikundi cha watu 7 kiliundwa. Vipimo vya kwanza vilionyesha risasi na fedha kidogo tu, hata baadhi ya wanahisa wakauza hisa zao kwa bei ndogo. Baadaye kloridi ya fedha kwa wingi ilikutwa chini ya ardhi, na mwaka 1885 kampuni ya Broken Hill Proprietary (leo BHP) ikaanzishwa.

Utafutaji wa baadaye

Ncha za mashapo huteremka chini sana ya ardhi, hivyo zilifuatiliwa kwa kuchoronga miamba. Maarifa ya Broken Hill yalisaidia pia kwingine. Mwaka 1990 mashapo ya aina hiyo yaligunduliwa Cannington, Queensland. Hapo hapakuwa na kilima cha kuonekana: vipimo vya usumaku kutoka angani vilionyesha mahali pa kuchoronga.

Athari

Vumbi la risasi limechafua udongo wa mji, na watoto hupimwa damu mara kwa mara.