Lori la Chama na Mtetemeko wa Injini Yake



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu, wenzetu wameandika habari za mizani, za maghala na za bei ya pamba. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za lori. Huenda mtu akauliza, lori lina historia gani? Jibu letu ni kwamba pamba isiyofika kiwanda cha kuchambulia haijawa fedha bado, na kwa misimu mingi iliyoifikisha huko ni gari hili moja kuukuu.

Ushirika na malori vilikua pamoja katika nchi hii. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, K.N.C.U. Karibu na wakati huo huo, mwaka 1931, kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, ilianza kutoa malori yenye jina la Bedford. Mwaka 1958 likatoka lile la TJ, lenye pua ndefu mbele, ambalo wazee wetu walilijua sana barabarani. Malori ya zama hizo hayatengenezwi tena, na vipuri vyake hupatikana kwa shida. Kwa hiyo kila shauri la kufungua injini kama hiyo ni shauri la fedha nyingi.

Hata hivyo kanuni yake si ya siri. Tangu Nikolaus Otto wa Ujerumani alipoendesha injini yake ya hatua nne mwaka 1876, kazi ni ile ile: kuvuta, kugandamiza, kuwasha na kutoa moshi. Injini ya petroli ya zamani yahitaji mambo matatu tu: mchanganyiko sawa wa hewa na mafuta, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha.

Lori letu lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika, katika mwaka wa pili wa Chama, ili tupunguze gharama za kukodi. Ni la petroli, lenye silinda sita. Katika msimu wa tano, pamba ikiwa imejaa maghalani, likaanza kutetemeka. Likiwa linakwenda barabarani lilikuwa zima; likisimama na kuachwa lingurume polepole, lilitikisika mpaka bodi, likamisi, kama wasemavyo madereva, na mara nyingine likazimika. Wengine walimshuku dereva. Gereji moja ya mjini ilishauri injini ifunguliwe yote, ibadilishwe ringi na valvu. Wengine wakasema heri liuzwe. Fedha za kazi hiyo zingetoka katika malipo ya pili ya wakulima, na ndiyo sababu Halmashauri iliamua kwamba asitoe mtu shauri kabla ya fundi wa Chama kupima kila jambo na kuliandika.

Yafaa wanachama wajue utaratibu aliofuata. Kwanza, injini ikinguruma, alichomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira. Silinda ambayo ni nzima, ukiinyima cheche, ngurumo hushuka. Isiyofanya kazi haionyeshi tofauti. Zote sita zilionyesha tofauti iliyo sawa. Basi ubaya haukuwa katika silinda moja, bali katika kitu kinachozihudumia zote. Pili, alizitoa plagi, akapima mgandamizo. Vipimo vilikaribiana. Kama silinda moja ingekuwa chini, angeshuku valvu au ringi. Kama mbili zilizo jirani, gasketi ya kichwa cha injini. Hapo shauri la kufungua injini likakosa msingi. Tatu, alisafisha pointi za distributa na kurekebisha nafasi yake, mtetemeko ukabaki.

Ndipo alipochukua maji ya sabuni, akayamwagia kidogo kidogo penye maungio ya kabureta. Hakutumia petroli, kwa kuhofia moto. Maji yalipofika chini ya kabureta yalivutwa ndani, na ngurumo ikabadilika. Gasketi ilikuwa imekauka na kupasuka, na nati mbili zimelegea.

Sababu yake ni hii. Dereva asipokanyaga mafuta, mlango wa hewa wa kabureta hukaribia kufungwa, na pistoni huvuta kwa nguvu nyingi. Ufa mdogo huingiza hewa ambayo kabureta haikuipima, mafuta yakawa haba, na cheche ikashindwa kuwasha sawasawa. Akikanyaga, mlango hufunguka, na hewa hiyo ya wizi huwa si kitu mbele ya hewa yote iingiayo. Ndiyo maana lori lilikuwa zima barabarani na gonjwa likisimama.

Fundi alikata gasketi mpya, akakaza nati, akaacha injini ipate moto, kisha akarekebisha skrubu za kabureta mpaka ngurumo ikatulia. Pamba ya msimu ule ilifika yote, na malipo ya pili hayakuguswa.

Tangu hapo Chama kina daftari la lori, na matengenezo makubwa hayapigiwi kura mpaka vipimo vimesomwa mbele ya mkutano. Hatusemi kwamba gari hili litadumu milele. Siku mgandamizo utakaposhuka, daftari hilo hilo litatuambia, nasi tutakubali. Lakini kwanza huangaliwa kilicho karibu na cha bei ndogo, ndipo kilicho mbali na cha bei kubwa. Kanuni hii imelinda fedha za wakulima katika injini. Twawaomba viongozi wajao wailinde katika mizani, katika maghala na katika hesabu za Chama vile vile.