Hulk ni mtoto wa nani?

Kila Agosti 28 mashabiki wa vitabu vya katuni Marekani humkumbuka Jack Kirby, mchoraji wa kwanza wa Hulk, aliyezaliwa New York mwaka 1917. Na kila mwaka swali lile lile hufufuka: Hulk alitoka kichwani mwa nani?

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwanasayansi Bruce Banner anakimbilia uwanja wa majaribio ya bomu la miale ya gama kumwokoa kijana Rick Jones, aliyejipenyeza humo. Msaidizi wake, kumbe jasusi, anaacha jaribio liendelee. Kijana anasukumwa handakini, Banner anapigwa na miale, na usiku ule ule anageuka jitu. Toleo la kwanza la jarida, lenye kisa hicho, la Mei 1962, liliuzwa senti 12, na jitu lilikuwa la kijivu. Uchapaji ukashindwa kuituliza rangi hiyo. Ukurasa huu imekolea, ule imepauka. Toleo la pili likaja na jitu la kijani, msomaji asiambiwe kwa nini. Siku hizo Banner aligeuka jua likizama. Habari ya kugeuka kwa hasira ilikuja kushika mizizi baadaye. Baada ya matoleo sita jarida likafungwa, ingawa Hulk mwenyewe hakukaa nje muda mrefu.

Ugomvi juu ya nani alimbuni ndio uliodumu. Stan Lee, mhariri na mwandishi wa Marvel, kampuni iliyomchapisha Hulk, alieleza katika kitabu chake cha 1974, Origins of Marvel Comics, kwamba alichanganya zimwi la Frankenstein na Dk. Jekyll mwenye nafsi mbili. Kirby alikuwa na kisa kingine. Katika mahojiano yaliyochapishwa na The Comics Journal mwaka 1990, alisema aliwahi kumwona mama akiinua gari kumtoa mwanawe aliyenasa chini yake. Hapo ndipo alipotambua kwamba binadamu akifikishwa pabaya hupata nguvu asizozijua. Hakuishia hapo: akadai Lee hakuwahi kuandika chochote.

Hapo mzee alipitiliza. Lakini uchungu wake unaeleweka. Kwa utaratibu wa Marvel enzi hizo, mara nyingi mchoraji alipewa dokezo tu, akaipanga hadithi nzima kwa penseli, kisha Lee akajaza maneno. Lee alikuwa mwajiriwa mwenye cheo. Kirby alilipwa kwa ukurasa. Paji lile zito la uso, mabega yale yanayoziba mlango, hayakutokana na dokezo la mtu yeyote.

Televisheni ikampa Hulk umaarufu mpya kuanzia 1977, Lou Ferrigno akipakwa rangi ya kijani mwili mzima. Mwaka 1979 Kirby alionekana humo kwa muda mfupi, akiigiza mchoraji wa polisi anayechora sura ya Hulk kwa kufuata maelezo ya shahidi. Sijui nani alibuni kejeli hiyo.

Kirby alifariki Februari 1994. Mwaka 2009 watoto wake walidai haki za wahusika aliowachora, wakashindwa mahakamani mara mbili, 2011 na 2013. Mwisho Marvel ilikubali kupatana nao Septemba 26, 2014, siku chache kabla Mahakama ya Juu haijaamua kama ilisikilize shauri. Masharti ya mapatano hayakutangazwa. Filamu za Hulk, za 2003 na 2008, zilikuwa zimeshapita, na katika zote mbili aliyepewa nafasi ya kupita mbele ya kamera ni Lee.