Pango la Mawanga

Sisi watu wa Mwanza tumeyazoea majabali ya ziwa letu, wala hatuyatazami sana. Lakini siku moja, tukiwa wageni katika nchi ya Kenya, tulipanda mashua asubuhi huko Mbita, tukavuka mpaka kisiwa cha Mfangano, nako jabali likatufunza jambo.

Ni pango la Mawanga. Ukutani mwake yamechorwa maduara mekundu na meupe, moja ndani ya jingine. Wenyeji, Wasuba, husema ni kazi ya Watwa waliowatangulia. Baadaye ukoo wa Wasamo waliombea mvua hapo, na hofu ya mahali pale ikawa mlinzi wa michoro.

Leo hofu imepungua. Kijana mmoja katika safari yetu, Mkristo, aliokota kaa aandike jina lake juu ya maduara, akasema, "Si mambo ya kipagani tu?" Tukamzuia, tukamkumbusha Mtume Paulo kule Athene: hakuivunja madhabahu ya watu, aliitazama kwanza, ndipo akahubiri.

Basi, hofu ya kale ikiondoka, yafaa heshima ishike zamu yake. Maana mchoro ukiisha kufutwa, hapana atakayeurudisha.