Kutoka Utekaji hadi Wizi: Asili ya Kilatini ya Neno "Plagiarism"

Neno la Kiingereza plagiarism aghalabu hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa wizi wa maandishi. Fasiri hii inafaa katika kanuni za vyuo, lakini inaficha historia ya dhana yenyewe. Kiasili, neno hili lilihusu binadamu wala si maandishi.

Katika Kilatini, plagiarius alikuwa mtu aliyemteka mtu huru na kumtia utumwani, au aliyemtorosha mtumwa wa mwingine. Kosa lenyewe, plagium, hunasibishwa na plaga, yaani wavu wa mwindaji. Liliadhibiwa kwa sheria ya Kirumi iliyoitwa Lex Fabia, ambayo Cicero aliitaja mwaka 63 K.K.

Aliyelihamishia neno hili katika fasihi ni Martial, mshairi wa Kirumi mzaliwa wa Hispania. Katika kitabu cha kwanza cha epigramu zake, kilichotolewa karibu na mwaka 86 B.K., anayafananisha mashairi yake na watumwa aliokwisha kuwaacha huru. Anayejidai kuwa bwana wao ni plagiarius. Kwa sitiari hii, kulitoa shairi hadharani ni kulipa uhuru, na kulidai kwa hila ni kulirudisha utumwani. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho Martial anamwambia Fidentinus, aliyeyaghani mashairi yake kana kwamba ni yake mwenyewe, ayanunue iwapo anataka yawe yake. Shairi, basi, ni mtu huru na papo hapo ni bidhaa.

Kiingereza kilirithi mgongano huu. Ben Jonson alitumia umbo plagiary katika tamthilia ya Poetaster ya mwaka 1601. Plagiarism ilijitokeza katika miaka ya 1620. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1710 ilipoimarisha wazo la maandishi kama mali, maana ya wizi ilitamalaki. Maana kongwe imesalia katika sheria ya Scotland, ambamo plagium ni kosa la kumwiba mtoto.

Tofauti hii ina uzito hadi leo. Mwanafunzi anayenunua tasnifu hamwibii aliyemwandikia, kwani amemlipa. Lakini bado ana hatia. Dhana ya wizi peke yake haielezi hatia hiyo. Sitiari ya Martial inaielezea: aliye huru hauziki, na malipo hayabadilishi nasaba. Nasaba hiyo ndiyo iliyolindwa na watunzi wa tenzi za Kiswahili waliotia majina yao katika beti za tamati.