Shinkolobwe: Makazi Yaliyozaliwa na Mgodi, Reli na Vita

Shinkolobwe ni eneo la machimbo lililopo takriban kilomita 20 magharibi mwa mji wa Likasi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ukanda wa Katanga ambako Kiswahili ni lugha ya kawaida ya mawasiliano. Historia ya makazi hayo inaonesha namna mahitaji ya vita vya mbali yalivyoweza kuunda jamii ndogo, na hatimaye kuiacha bila makazi.

Msingi wa makazi hayo uliwekwa na reli. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya kuchimba shaba, na mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilifika Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi hivi leo. Mwaka 1915 mawe yenye madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe. Wakati huo urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake, iliyotumika katika tiba na kusafishwa katika kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji.

Kampuni iliajiri vibarua kutoka sehemu mbalimbali za Kongo, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kuishi na wake zao katika kambi za migodi. Katika kambi hizo watu wa makabila mengi walikutana, na Kiswahili cha Katanga kikawa lugha ya kazini na ya watoto waliozaliwa humo.

Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka 1937 na mashimo yake yakajaa maji. Hata hivyo, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilibadili hali hiyo. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, aliagiza takriban tani 1,200 za mawe yaliyokuwa tayari yamechimbwa zisafirishwe hadi New York. Mwezi Septemba 1942 shehena hiyo ilinunuliwa na Jeshi la Marekani kwa ajili ya Mradi wa Manhattan, uliokuwa ukitengeneza bomu la atomiki. Wahandisi wa jeshi hilo walisaidia kuondoa maji mgodini na uchimbaji ukaanza upya kwa siri.

Reli ndiyo iliyowezesha kazi hiyo. Mawe yalipakiwa kwenye treni hadi Port-Francqui, sasa Ilebo, kituo kilichounganishwa na Katanga kwa njia ya reli mwaka 1928. Kutoka hapo yalisafirishwa kwa meli za mtoni hadi Léopoldville, kisha kwa treni tena hadi bandari ya Matadi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ilitoka Kongo. Mwezi Agosti 1945 mabomu mawili yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki nchini Japani.

Wachimbaji waliochambua mawe hayo kwa mikono hawakuelezwa yalikokuwa yakipelekwa wala madhara ya mionzi yake. Hali ya kazi katika migodi ya Katanga ilikuwa ngumu kwa ujumla, na mwezi Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma mjini Elisabethville wakidai nyongeza ya mishahara, na makumi ya watu wakauawa.

Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, mashimo ya mgodi yalizibwa kwa zege. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo walirejea kutafuta kobalti, na kijiji kikakua upya. Mwezi Januari 2004 Serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo kwa amri ya Rais. Mwezi Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane, na baadaye wakazi wakaondolewa na nyumba zao kuharibiwa.

Hivyo, makazi yaliyojengwa kwa ajili ya madini yalivunjwa pia kwa sababu ya madini. Waliohama walibaki na swali la kiafya ambalo vizazi vilivyotangulia havikupata nafasi ya kuliuliza.