Lugha ya Mshtakiwa na Lugha ya Darasa: Ufundishaji wa Mwenendo wa Mashauri ya Jinai Tanzania, 1961–2021

Kitivo cha Sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 kilirithi somo lililokwisha kuwa na historia ndefu. Mwenendo wa mashauri ya jinai uliingia Tanganyika baada ya mwaka 1920 kwa njia ya sheria za India, ambazo nazo zilibuniwa na Waingereza kwa ajili ya kutawala nchi isiyo yao. Hata baada ya sheria hizo kuondolewa na nyingine kutungwa mahali pake, hati ya mashtaka, jibu la mshtakiwa, ushahidi, utetezi na hukumu viliendelea kuandikwa kwa Kiingereza mbele ya watu ambao wengi wao hawakukijua. Insha hii inajadili namna pengo hilo lilivyoingia katika elimu ya sheria, kwa kuangalia hatua moja ya kesi: mshtakiwa anapoulizwa kama anakiri kosa.

Hatua hiyo imechaguliwa kwa sababu ya uzito wake. Chini ya kifungu cha 360 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini kwa kukiri kwake mwenyewe hana haki ya kukata rufaa, isipokuwa kuhusu uhalali au ukubwa wa adhabu. Kwa hiyo maneno machache yanayotamkwa kizimbani katika dakika za mwanzo yanaweza kufunga milango yote inayofuata.

Mahakama ziliitambua hatari hiyo mapema. Katika shauri la Yonasani Egalu la mwaka 1942, lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisisitiza kwamba kila kipengele cha kosa kielezwe kwa mshtakiwa, na kwamba anachokisema kiandikwe. Mwaka 1973, katika shauri la Adan lililotoka Kenya, mahakama hiyo ilizipanga hatua moja baada ya nyingine. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa katika lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe, kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Upande wa mashtaka ueleze maelezo ya kosa. Kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakanusha au kuyaongezea. Akitaja jambo linalotia shaka hatia yake, kukiri kufutwe na kesi isikilizwe. Nchini Tanzania, Mahakama Kuu iliongeza katika shauri la Laurent Mpinga la mwaka 1983 kwamba aliyekiri anaweza kusikilizwa katika rufaa iwapo kukiri kwake hakukukamilika au kulikuwa na utata, miongoni mwa sababu nyingine.

Kanuni hizi ndizo mwanafunzi wa sheria aliyotakiwa kuzijua. Hata hivyo, alizisoma kwa Kiingereza, akizipima kwa kumbukumbu za kesi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Maneno yale yale ambayo Adan ilitaka yahifadhiwe yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwa mkalimani na hakimu. Mshtakiwa wa wizi aliyesema "ni kweli, nilichukua" alikuwa amekiri kuchukua tu. Huenda aliamini kwa dhati kwamba mali ni yake, na imani hiyo ni utetezi. Yakiandikwa kwa Kiingereza kuwa amekiri kosa, tofauti hiyo inapotea, na msomaji wa kumbukumbu hana njia ya kuirejesha. Darasa lilimfundisha mwanafunzi kutafuta kasoro katika maandishi, ilhali kasoro kubwa zaidi ilikuwa imetokea kabla ya maandishi.

Muundo wa mahakama uliongeza umbali huo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama za wenyeji na nyinginezo katika mfumo mmoja, na Mahakama za Mwanzo zikawa ngazi iliyo karibu zaidi na wananchi. Katika mahakama hizo kesi husikilizwa kwa Kiswahili, chini ya kanuni zake fupi za mwenendo wa jinai. Lakini kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kutokea humo. Kwa hiyo mahali ambapo lugha ya mshtakiwa na lugha ya kumbukumbu zilikuwa moja ndipo ambapo mhitimu wa sheria hakuwa na nafasi kama wakili. Alikoweza kusimama, yaani Mahakama za Wilaya, za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, mashahidi waliweza kusema kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu zilikuwa za Kiingereza.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale haki inapokihitaji. Ni rahisi kuyaona mabadiliko hayo kuwa mwisho wa tatizo. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba yamelihamisha tu. Uamuzi wa Adan, na mamia ya maamuzi yaliyoufuata, bado yako katika Kiingereza. Mwanafunzi anayejifunza kwa lugha hiyo sasa ndiye atakayebeba kazi ya mkalimani, akizirudisha kanuni katika lugha ambayo tangu mwanzo zilikusudiwa kuilinda.

Hivyo swali la lugha katika ufundishaji wa sheria ni sehemu ya mwenendo wa haki wenyewe. Kanuni inayotaka mshtakiwa aelewe shtaka hupata nguvu pale tu anayeitekeleza anapoweza kutofautisha, katika lugha ya mshtakiwa, mtu anayekiri tendo na mtu anayekiri kosa. Ustadi huo ulihitajika kizimbani tangu mwaka 1942. Darasani, lugha ya kuufundishia ilikuwa nyingine.