Siri za Nyumba, Saa Moja Asubuhi

Panda matatu yoyote ya kwenda mjini mapema, utasikia watu wasiojuana wakicheka pamoja. Wanachekea nini? Kuna mtu amepiga simu redioni kusema mkewe alikuta picha ya mchumba wa zamani chini ya godoro. Au mama mkwe alikuja kukaa siku tatu, na sasa huu ni mwezi wa nne. Mimi pia nilicheka hivyo miaka mingi. Kisha asubuhi moja mwaka 2013, katikati ya kicheko, nikasikia mtu akikohoa hewani. Kikohozi kile nilikijua tangu utotoni.

Nitakifikia. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana wengi wetu hudhani mambo haya ya kuanika siri za nyumba hewani yaliletwa na FM. Si kweli, bwana.

Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Sisi hatukuwemo. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kuwatangazia Waafrika, ili wazazi na jamaa za askari wajue vita vinaendeleaje. Kwa hiyo redio ilipotugeukia sisi mara ya kwanza, ilimtafuta mzazi aliyekuwa nyumbani akimngoja mwanawe. Tangu hapo haijatoka nyumbani mwetu.

Mwaka 1964 serikali huru iliitwaa, ikaiita Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 ikawa tena KBC. Miaka hiyo yote watu walituma kadi za salamu. Uliandika jina lako na pale ulipo, ukafuatisha majina ya jamaa na marafiki, halafu ujumbe mfupi. Jambo dogo, sivyo? Ebu msahau shangazi mmoja kwenye kadi hiyo uone! Kijiji kizima kimesikia nani katajwa na nani kaachwa. Harusi ijayo hutaulizwa kama umekula.

Halafu kulikuwa na marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966 na kikaendelea kwa miongo mingi. Alitueleza visa vya tabia za kuudhi, kisha akatuachia swali lile lile la kwenye jina la kipindi. Nyumbani kwetu kila mtu alilijibu huku akimtazama mwingine kwa jicho la pembeni. Hakuna aliyetajwa, ila kila mtu alijijua.

Lakini kipindi kilichobeba siri nzito kuliko vyote hakikuitwa hata kipindi. Ni matangazo ya vifo. Tangazo la kifo lilikuwa ndiyo hati ya familia. Marehemu alikuwa mume wa nani, baba wa nani, mkwe wa nani, atazikwa wapi. Ukitajwa, wewe ni wa boma. Usipotajwa, utafika matangani ukae na majirani.

Agosti 1996 babu alifariki. Nilikuwa na miaka minane, niko likizo kwa nyanya, Kakamega. Baba ndiye kifungua mimba, na alikuwa akifanya kazi Nairobi, kwa hiyo ni yeye aliyeandika tangazo na kulipeleka Broadcasting House, pale barabara ya Harry Thuku. Mchana tukakusanyika kuizunguka redio ya nyanya. Jina la babu likasomwa. Ikafuata "alikuwa mume wa", na jina la nyanya. Halafu msomaji akasema "na wa", akataja jina la mwanamke wa Eldoret ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Yakafuata majina ya watoto watatu.

Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Nyanya alisimama, akaichukua redio, akatoa betri moja moja, akazianika juani kama tulivyofanya zikiisha nguvu. Betri zile zilikuwa mpya.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wazee wote walijua habari za Eldoret. Siri ya mtungi muulize kata. Nyanya naye alijua. Alikuwa amemwomba baba jambo moja tu: jina lile lisisomwe. Baba akalipeleka. Kutoka siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2004, nyanya alimsalimia mwanawe kwa mkono tu, bila neno.

Mwaka ule ule wa 1996 Capital FM ilianza kusikika Nairobi, kituo huru cha kwanza. Radio Citizen ikaja 1999, Kiss 100 mwaka 2000. Simu za mkononi nazo zikaenea, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Zamani ulimtuma mtangazaji na karatasi, naye akaisoma kwa sauti ya serikali. Sasa mwenye jambo anasema mwenyewe, akiwa jikoni, akiwa kwa stage, akiwa amelewa. Classic 105 ikawa na Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i, yaani mchekeshaji Daniel Ndambuki, wakizungumzia ndoa asubuhi hadi matatu nzima inagombana. Radio Jambo ikawa na Patanisho, chini ya Gidi, yule yule wa Gidi Gidi Maji Maji, na Ghost Mulee, aliyewahi kuifundisha Harambee Stars. Mtu anaomba apatanishwe na mpenzi, upande wa pili unapigiwa simu, na wakati mwingine jibu ni kwamba mtu ameshaolewa kwingine. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanasikia wakienda shule. Mwaka 2016 zikaanza kanuni za vipindi, zikizuia yasiyofaa watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku.

Sasa nirudi kwenye matatu. Jogoo Road, msongamano, redio juu. Kituo sitakitaja. Mada ya siku: ni lini ulimwaibisha mamako? Mzee mmoja anapiga, hataki kusema jina. Anakohoa. Anasema, "Mimi niliandika jina moja kwenye karatasi, mama yangu akaninyamazia miaka minane. Lakini yule mama mwingine alikuwa na watoto. Wangekuja kumzika baba yao kama wageni? Nataka tu kuuliza, nilikosea?"

Mtangazaji akamkatiza: "Mzee, wacha hayo, huyo mke wa pili alikuwa mrembo?" Matatu ikalipuka kwa kicheko. Makanga akapiga mlango kofi. Mimi pia mdomo wangu ulikuwa bado wazi kwa kicheko cha aliyetangulia. Baba akasema, "Hapana, mimi nauliza kama..." Yakaingia matangazo ya biashara.

Miaka kumi na saba alikuwa na swali hilo, na sisi watoto wake hatukuwahi kulisikia. Alilipeleka kwa wageni kwa sababu nyumbani betri zilikuwa bado juani.

Nawalaumu watangazaji, ndiyo, lakini si kwa kuanika siri. Redio yetu imeanika siri tangu zamani. Kosa ni kutongoja jibu. Tangazo la kifo lilisomwa mpaka mwisho, hata lilipouma. Na kadi ya salamu hakuna aliyeikatiza katikati ili tununue sabuni.

Jumamosi ile nilikwenda kwa wazee, Jericho. Baba alikuwa sebuleni. Akaniuliza, bila kunitazama, "Matatu za siku hizi bado zinapiga redio kubwa?"

"Kubwa sana, Baba."

Akanyamaza.

Nikamwambia, "Ungewaacha wale watoto nje ya tangazo, hapo ndipo ungekosea."

Alikohoa. Akasema chai inapoa, ninywe.

Ndugu yangu unayeandika, kama kwenu kuna karatasi ya tangazo la kifo iliyokunjwa ndani ya Biblia au msahafu, ifungue. Soma waliotajwa. Kisha uliza wazee, wakiwa bado wapo, ni nani aliyeachwa. Na wakianza kujibu, tafadhali, usiwakatize.